Affect na effect: waulize athiri na athari

Maswali ya lugha kutoka kwa wasomaji

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Ni karani katika ofisi inayoshughulikia maji. Niliandika tangazo la mgao mpya, ndani yake kukawa na sentensi hii: "The new timetable will effect all customers." Mkuu wangu ameirudisha ikiwa na duara jekundu kwenye neno effect, bila maelezo. Kompyuta haikuipigia mstari. Kosa liko wapi, na nitalikumbukaje siku nyingine?
Karani, Singida

JIBU: Kompyuta ilinyamaza kwa sababu kosa la tahajia halikuwepo. Affect na effect yote yamo katika kamusi yake, nayo ilikagua herufi, haikukagua maana. Sikio nalo halisaidii sana. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza huipitia silabi ya kwanza haraka, mkazo wote akauweka kwenye -fect, maneno yakasikika kama neno moja. Wenye lugha yao huyachanganya kila siku, kwa hiyo usione haya.

Tena wewe una kitu ambacho Mwingereza hana. Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu jozi ya maneno ya mzizi mmoja, athiri na athari, na jozi hiyo inagawana kazi vilevile. Athiri ni kitenzi, athari ni nomino. Affect ni athiri, effect ni athari. Kabla ya kuandika, iseme sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili: "Ratiba mpya itaathiri wateja wote." Umesema itaathiri. Huwezi kusema itaathari, ulimi wenyewe unakataa. Basi hapo panatakiwa affect: "The new timetable will affect all customers."

Geuza sasa: "Athari za ratiba mpya zitaonekana wiki ijayo." Hapa neno limekaa kama jina la kitu, lina wingi, linaweza kuhesabiwa. Ni effect, na kwa kuwa ni nyingi, effects: "The effects of the new timetable will be seen next week." Ukiona the, an, no au any imetangulia, karibu kila mara itafuata effect. Ukiona will, may, did not au to, karibu kila mara itafuata affect. Anayependa kukumbuka kwa herufi, afungue kamusi: affect inatangulia effect, kama tendo linavyotangulia matokeo yake.

Kosa la pili hutokea hata kwa waliokwisha kuichagua affect vizuri, nalo ni kuongeza on. Tumezoea kusema "athari juu ya bei" au "athari kwa wakulima", basi mkono unaandika "the drought affects on prices". Affect hukamata mtendwa moja kwa moja bila neno katikati: "the drought affects prices". On ni ya effect: "the effect of the drought on prices". Katika barua za ofisi kosa hili la on huenda ni la kawaida kuliko hilo la herufi, ila halizungushiwi wino kwa sababu wanaosahihisha nao wanalo.

Sasa kwa nini mkuu wako aliweka duara badala ya kuivumilia? Kwa sababu effect nayo hutumika kama kitenzi, ila kwa maana nyingine kabisa: kuleta, kutekeleza, kufanya jambo litokee. Mtu wa benki anapoandika "please effect payment by Friday" anakutaka ufanye malipo ifikapo Ijumaa, wala hajakosea. Mwanasheria anapoandika "to effect the transfer" anataka uhamisho wa mali ukamilishwe. Kwa maana hiyo sentensi yako ilisema kwamba ratiba ya maji itawafanya wateja wote wawepo, kana kwamba ndiyo itakayowazaa. Asili ya maneno yenyewe inaonyesha. Yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kilatini facere, kufanya. Affect ilianza na kiambishi ad, kuelekea: kukifanyia kitu jambo. Effect ilianza na ex, kutoka nje: kufanya hadi kitu kitoke, kionekane.

Jozi ya kupimia uelewa wako ni hii. "The strike affected the change" maana yake mgomo uliyagusa mabadiliko, labda uliyachelewesha. "The strike effected the change" maana yake mgomo ndio ulioyaleta. Herufi moja tu, na mwajiri na chama cha wafanyakazi wanaweza kukaa mezani siku nzima kuibishania.

Kuna matumizi machache ya effect ambayo yafaa kuyashika kama yalivyo, maana ofisini utakutana nayo kila mwaka. "With effect from 1 July", ambayo kwenye madokezo hufupishwa w.e.f., ni "kuanzia tarehe 1 Julai". Nchini Tanzania na Kenya waraka wa namna hiyo ni wa kawaida, maana ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. "Come into effect" ni kuanza kutumika, kama sheria au bei mpya. "Personal effects" kwenye fomu za forodha ni vitu vyako binafsi: nguo, viatu, sabuni, haihusu athari yoyote. "Side effects" za dawa ni yale ambayo wauguzi wa uzazi wa mpango huyaita maudhi madogo madogo. Affect nayo ina siku moja ya kuwa nomino, katika magonjwa ya akili. Mkazo huhamia silabi ya kwanza, na maana ni hisia zinavyojionyesha usoni na sautini. Muuguzi akikuta "flat affect" kwenye faili la mgonjwa, asiisahihishe kuwa effect. Daktari ameandika kwamba uso wa mgonjwa hauonyeshi hisia.

Tahadhari moja kuhusu kipimo chetu. Athari kwa Kiswahili imeelemea upande wa ubaya, effect haijaelemea popote. "The effect of manure on yield" ukiitafsiri "athari za samadi kwa mavuno", mkulima ataogopa samadi. Hapo andika matokeo, au sema tu jinsi samadi inavyoongeza mavuno. Tumia athiri na athari kuchagua neno la Kiingereza, usizitumie kutafsiri kila linapotokea.

SWALI: Nina duka la kutoa kopi na kuuza madaftari. Bango langu limeandikwa STATIONARY miaka yote, na wateja wanakuja. Juzi mwanafunzi amecheka akasema nimekosea. Fundi wa mabango anataka hela ya bango zima. Je, kuna ulazima?
Mwenye duka, Tanga

JIBU: Mwanafunzi yuko sahihi, fundi anakuonea. Stationary, yenye a, ni kivumishi: kilichosimama, kisichosogea. Stationery, yenye e, ndiyo karatasi, kalamu na bahasha. Herufi inayokosewa ni moja, ya nane kutoka kushoto. Mwambie fundi aifute A yote kwa rangi ya ubao, aiache ikauke kabisa, ndipo achore E. Akichora E juu ya A mbichi, miguu ya A itajitokeza na bango litaonekana bovu kuliko lilivyokuwa.

Kwa nini mabango mengi hivi yana kosa hilohilo? Tunadhani ni kwa sababu neno lilishakuwa la kwetu. Tunasema steshenari, ste-she-na-ri, na ile "na" tunaisikia wazi. Tunapolirudisha kwenye Kiingereza tunaandika tunachosikia. Mwingereza mwenyewe hamsaidii mtu, maana anayatamka maneno yote mawili sawasawa.

Historia yake inachekesha, kwa sababu karatasi na kusimama vilikuwa ndugu tangu mwanzo. Katika Kilatini cha zama za kati, stationarius alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, hasa muuza vitabu karibu na vyuo vikuu, kinyume cha wale waliozunguka na mizigo yao. Kwa lugha ya mjini, huyu hakuwa mmachinga, alikuwa na fremu yake. Kwa Kiingereza akaitwa stationer. London wafanyabiashara wa aina hiyo walikuwa na chama chao kilichopata hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za stationer zikaitwa stationery. Ile e, basi, ni ya mwenye duka: stationer, ongeza y. Ukiikumbuka hiyo hukosei tena. Ukitaka ya Kiswahili, chukua a ya "amesimama" uipe stationary, nyingine itajipanga yenyewe.

Kwenye bango hasara ni kuchekwa tu. Kwenye fomu ya bima ni jambo jingine. Dereva aliyegongwa akiwa ameegesha anatakiwa kueleza kwamba gari lake lilikuwa stationary. Akiandika "my vehicle was stationery", ameiambia kampuni ya bima kwamba gari ni la karatasi. Watamwelewa, ila ameanza maelezo yake vibaya.

Jambo dogo la mwisho: stationery haina wingi, kama vile sukari isivyo na wingi. Kwenye ankara usiandike "stationeries". Andika "stationery" peke yake, au "items of stationery" kama lazima uhesabu.

SWALI: Assalaam alaykum. Nafanya kazi hapa Oman. Nikiwaambia wenzangu wa ofisini "I live in Muscat", wananiuliza naondoka lini. Nifanyeje?
Msomaji, Maskati

JIBU: Waalaykum salaam. Wanasikia leave, kuondoka. Kiswahili kina irabu tano, na i yetu, ile ya "siri" na "dini", iko karibu sana na irabu ya leave. Live, kuishi, ina irabu ambayo sisi hatuna, kwa hiyo mdomo unaleta iliyo jirani.

Ifanye hivi mbele ya kioo. Sema "i" ya "siri" uishikilie: midomo imenyooka kidogo kama ya anayetabasamu, ulimi umepanda juu mbele. Hiyo ndiyo ya leave, na inavutwa. Sasa sema "e" ya "leo": taya limeshuka, ulimi umeshuka. Anza kwenye i, shuka polepole kuelekea e, simama njiani kabla hujafika nusu, ulegeze midomo na ukate sauti mara moja. Hapo umeipata ya live. Kosa la wanaoanza ni kufupisha tu: wanasema leave kwa haraka wakidhani imekuwa live. Urefu ni sehemu ya tofauti. Kilichobaki ni ulimi kushuka. Jizoeze na jozi nyingine za aina hiyo: sit na seat, fill na feel, ship na sheep. Dakika tano kwa siku zinatosha, ila jirekodi kwa simu usikilize, kwa sababu unapotamka mwenyewe sikio lako linasikia unachokusudia.

Wakati ulimi haujazoea, sarufi ikulinde. Live inataka in kabla ya mahali: "I live in Muscat." Leave haitaki kitu: "I leave Muscat on Friday." Leave ikifuatwa na in, kinachofuata huwa ni wakati, kama "I leave in March". Ukitaja muda uliokaa, "I have lived in Muscat since 2019", hakuna atakayekuuliza unaondoka lini hata kama irabu imekupotoka.

Live ina matamshi ya tatu, laivu, inapokuwa kivumishi. Ndiyo ya mechi inayoonyeshwa mubashara, na ndiyo ya mafundi umeme: waya wa laivu ni wenye umeme ndani.

KWA UFUPI. Wawili wameuliza kuhusu lose na loose. Lose ni kupoteza au kushindwa, mwisho wake unasikika z, o ni moja. Loose ni -liolegea, mwisho wake ni s, na ina o mbili kwa sababu imelegea imeachia nafasi. "I loose my phone" ni kosa. Ni "I lost my phone". Msomaji wa Kigali: advice ni ushauri, inaandikwa kwa c na kutamkwa s, advise ni kushauri, inaandikwa kwa s na kutamkwa z. Advice haina wingi, usiandike "advices". Waingereza hutumia utaratibu huohuo wa c na s kwa practice na practise, ingawa matamshi hapo hayabadiliki. Wamarekani huandika practice kwa yote mawili.

SWALI: Kijana wangu ameandika barua "To the Principle". Mimi nikamwambia ni Principal. Akanionyesha mkataba wangu wa mkopo ulioandikwa "principle amount". Nani mkweli?
Mzazi, Nakuru

JIBU: Wewe. Mkataba umekosea. Principle ina maana moja tu, kanuni au msingi wa mambo, na ni nomino siku zote. "In principle" ni kimsingi. Yote mengine ni principal: mkuu wa shule au chuo, Principal Secretary ambaye ni katibu mkuu wa wizara nchini Kenya, "principal pass" ambayo mhitimu wa kidato cha sita Tanzania huhesabiwa anapoomba chuo kikuu. Kama unaweza kusema "kanuni", andika -le. Kama huwezi, andika -al.

Kwenye mkopo, principal ni fedha uliyokopa yenyewe, kabla ya riba. Tuseme umekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa deni lililobaki, na principal inalipwa kwa mafungu sawa. Mwezi wa kwanza unalipa principal 100,000 na riba 18,000. Mwezi wa pili deni limebaki 1,100,000, riba inakuwa 16,500. Angalia safu ya principal kwenye ratiba yako ya malipo: ndiyo inayokuambia deni linapungua kweli au unalipa riba tu. Wakiwa wameiandika principle, waombe wasahihishe kabla hujasaini. Mahakamani huenda isiharibu kitu, lakini mkataba ni mahali pa kutokuwa na neno la kubahatisha.

SWALI: Katika toleo lililopita mlisema tukitatizwa na maneno ya Kiingereza tuulize Kiswahili kwanza. Nimeuliza kuhusu effective na efficient, nikapata "enye ufanisi" mara mbili. Sasa?
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU: Umetubana. Hapa Kiswahili cha ofisini kimeyakusanya yote chini ya ufanisi, na kipimo chetu hakifanyi kazi. Nenda jikoni. Una majiko mawili ya mkaa, na juu ya kila moja sufuria ya maharage ya kiasi kilekile. Yote mawili yameivisha: yote mawili ni effective, yaani yamefikia lengo. Moja limetumia kopo moja la mkaa, la pili makopo mawili. La kwanza ndilo efficient, yaani halikupoteza. Jiko linaloungua mkaa kidogo sana hadi maharage yakabaki magumu si efficient wala effective. Limebana matumizi tu.

Kwa hiyo dawa huitwa effective, kwa sababu unauliza kama inaponya. Injini huitwa efficient, kwa sababu unauliza inakunywa mafuta kiasi gani. Mfanyakazi anaweza kuwa mojawapo bila kuwa nyingine: anayemaliza kila kazi lakini kwa siku tatu badala ya moja ni effective. Unapoandika ripoti yako kwa Kiswahili, usiishie kwenye ufanisi. Andika "ilifikia lengo" pale unapomaanisha effective, na "ilitumia muda mchache" au "ilitumia fedha kidogo" pale unapomaanisha efficient, halafu taja ni muda gani au fedha kiasi gani.